Picha ya mlima irudishwe mlimani: barua kuhusu mchoraji Caspar Wolf

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni miezi kadhaa sasa, na nakuomba usiikate sana hii barua japo najua ni ndefu, manake kila nikijaribu kuipunguza mwenyewe naona ninachotoa ndicho nilichotaka kusema.

Siku zile mlipotoa habari ya barafu ya Kilimanjaro kupungua mliweka picha kubwa ya Kibo, nyeupe, nzuri kweli. Mi ile picha niliitambua hapohapo kwamba ni ya zamani. Nimekuwa mgumu, yaani mbebaji, mlimani miaka saba, nimebeba mizigo ya wageni njia ya Machame na ya Marangu kabla sijaja huku Uswisi, na ile sehemu ambayo kwenye picha yenu ni nyeupe tupu mimi nimepita chini yake na kilo ishirini kichwani nikiona mawe meusi, na hapo nazungumzia kabla ya 2005. Chini ya picha hamkuandika ilipigwa mwaka gani wala mpigaji alisimama wapi. Yaani maneno yanasema barafu inaisha, picha inasema barafu ipo tele, sasa msomaji wa Tabora au Mtwara ambaye hajawahi kuuona ule mlima ashike lipi? Siwalaumu kwa ubaya, gazeti lenu nalisoma kila asubuhi kwenye simu nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, ndo maana limeniuma. Na labda ningelipita tu kama nisingekuwa nimeshamjua Caspar Wolf.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa jimbo la Aargau. Kuna mzee mmoja nilikuwa namhudumia, mwenyeji wa Muri, ukutani kwake alikuwa na picha moja tu ambayo hakutaka iguswe hata wakati wa kupaka rangi chumba. Ni jiwe kubwa mno, kubwa kama nyumba, limekaa juu ya barafu, alafu nyuma yake barafu inaenda inaenda mpaka inaishia kwenye milima chini ya mawingu. Nilipita mbele ya hiyo picha wiki nzima nikitoa na kuingiza mashuka kabla sijaona kwamba kuna watu pale. Wadogo kama mchwa. Nikamuuliza mzee, hii ni wapi? Akafurahi sana, akaniambia ni barafu ya Lauteraar, imechorwa 1776, na aliyechora ni mtu wa kwetu Muri, mtoto wa seremala. Nikamwambia mimi nimetoka kwenye mlima wenye barafu pia, na jiwe kama lile nalijua, kwetu wageni wakichoka ndio wanaegemea. Tangu siku hiyo kila nikiingia zamu ananisimulia kidogo, na siku za off nikaanza kwenda kutafuta mwenyewe, Aarau kwenye jumba la sanaa la jimbo ambako ndiko kuna picha zake nyingi kuliko kwingine, na Basel ambako hiyo ya Lauteraar yenyewe imetundikwa.

Sasa niwaeleze huyu mtu ni nani, kwasababu sijawahi kuona ameandikwa kwa Kiswahili hata mstari mmoja.

Wolf alizaliwa Mei 1735 pale Muri, mji mdogo ulioota pembeni ya abasia kubwa ya watawa Wabenediktini. Kwao hawakuwa na kitu. Akiwa kijana alipelekwa Konstanz kujifunza kazi kwa mchoraji wa askofu, akitoka hapo akazunguka Ujerumani ya kusini, Augsburg, Munich, Passau, akifanya vibarua vya uchoraji kama fundi yeyote anayetafuta riziki. Mwaka 1760 akarudi Muri na akawa anachora alichoagizwa: picha za madhabahuni, vitambaa vya kutundika ukutani, hata vyumba vya kasri dogo la Horben ambako watawa wa Muri walikuwa wanaenda kupumzika. Kazi ya mkono kwenda kinywani tu. Mwaka 1768 akaenda Basel, mwaka uliofuata Paris, huko akafanya kazi na de Loutherbourg ambaye alikuwa mtaalamu wa kuchora dhoruba na meli zinazozama, na ukiangalia picha za Wolf za wakati huo ni hivyohivyo, bahari zimechafuka, miamba, radi, vitu vya kubuni kichwani. Nzuri, lakini za kubuni.

Kilichobadilisha maisha yake ni Abraham Wagner, mchapishaji wa Bern. Wagner alikuwa na wazo ambalo hakuna mtu alikuwa amelijaribu kwa ukubwa ule, nalo ni kuichora milima ya Alpi yenyewe, juu kabisa, barafu, mapango, maporomoko, karibu picha mia mbili za rangi ya mafuta, alafu zile bora zichongwe kwenye mabamba ya shaba zichapwe ziuzwe kwa watu Ulaya nzima. Mpaka wakati ule watu wengi waliichora milima kwa mbali, kama pazia la nyuma, mbele unaweka ng'ombe na mchungaji na mti. Juu kule kulikuwa kwa kuogopwa. Ni kweli Albrecht von Haller, daktari na mshairi wa Bern, alikuwa ameshaandika utenzi mrefu wa kuisifu Alpi tangu akiwa kijana, na watu waliusoma sana, lakini kusifu ukiwa umekaa na kupanda ukiwa umebeba boksi la rangi ni mambo mawili. Kazi hii Wolf alianza kuifanya karibu 1773, akaenda nayo mpaka 1779 hivi. Walikuwa wanapanda watatu: Wagner mwenye pesa, Wolf mwenye brashi, na Jakob Samuel Wyttenbach, mchungaji wa kanisa ambaye alijua mawe na mimea na ndiye aliyeandika maelezo ya kila mahali. Watatu hao pamoja na waongozaji na wabebaji wao, ambao majina yao sikuyakuta popote pale ukutani, na hilo mimi niliyekuwa mbebaji lilinisimamisha kidogo mbele ya picha.

Alafu kuna hili ambalo ndilo limenifanya niandike barua.

Wolf alikuwa anapanda, anakaa pale, anachora haraka mchoro wa awali, mwingine wa penseli na mwingine wa mafuta kabisa. Anashuka. Kwenye chumba chake cha kazi anaitengeneza picha kubwa kwenye kanvasi, nyingi zina upana wa sentimita 80 na kitu na kimo cha 54 hivi. Mchoraji mwingine angeishia hapo, picha imeisha, leta hela. Yeye akishamaliza anaibeba ile picha iliyoisha anairudisha mlimani, palepale alipokaa mwanzo, anaiweka mbele ya mlima na kuulinganisha nayo, na alipokosea anarekebisha. Mhariri, naomba ulifikirie hilo kwa miguu yako, sio kwa kichwa. Hakuna gari, hakuna barabara ya Grimsel wala ya Furka kama sa hivi, ni njia ya nyumbu na mwisho wake hata nyumbu haendi. Picha ina rangi ya mafuta ambayo haikauki upesi. Kuna upepo. Mi nimebeba kioo cha meza ya mess tent, lile hema la kulia wageni, siku moja na nikajua maana ya upepo ukiwa na kitu kipana mgongoni, unakusukuma kama mtu anayekugombeza. Huyu alipanda na kanvasi ili akaone kama ufa wa mwamba upo kushoto au kulia.

Ndio maana picha zake zina vitu ambavyo mtu hawezi kubuni. Kuna moja ya 1778, ya bonde la Gadmen, inaonyesha daraja la theluji. Theluji iliyoporomoka imelala juu ya kijito, maji yakaila kwa chini mpaka likabaki tao, na upinde wa mvua upo pale. Nilisimama mbele ya chapa yake nusu saa. Theluji hajaichora nyeupe. Ina ukijivu, ina rangi ya udongo pale ilipobeba kokoto, na chini ya tao ni karibu ya kijani. Mtu aliyewahi kulala kambini juu ya mita 4,600 akaamka saa kumi usiku anajua barafu sio nyeupe, nyeupe ni ya kwenye kadi za Krismasi. Nyingine ameichora akiwa ndani ya pango, Bärenhöhle pale Welschenrohr, giza limekuzunguka na mwanga unaingia kwa mbele, unajisikia kabisa umekaa humo unasubiri mvua ikatike. Kuna ya maporomoko ya Staubbach, Lauterbrunnen, maji yanaanguka karibu mita 300 mpaka yanageuka vumbi kabla ya kufika chini, na hayo aliyachora hata wakati wa baridi yakiwa yameganda, msimu ambao hata wenyeji walikuwa wanakaa ndani na mifugo yao.

Na wale watu wadogo. Karibu kila picha wapo, mmoja anaonyesha kwa mkono, mwingine amesimama tu ameshangaa, mara nyingine kuna mmoja amekaa na ubao wa kuchorea magotini. Mzee wangu alikuwa na uhakika yule ni Wolf mwenyewe. Mimi naona amejiweka mdogo vile kwasababu ndivyo mlima ulivyomfanya ajione, lakini hayo ni mawazo yangu.

Kazi ilitoka Bern mwaka 1777, picha kumi za kuchapwa na kupakwa rangi kwa mkono, dibaji imeandikwa na Haller yuleyule ambaye alifariki mwaka huohuo mwezi Desemba. Haikuuzika walivyotegemea. Ilikuwa ghali na wanunuzi walikuwa bado wanataka vitu laini, vijumba na maziwa. Wagner akahamishia nguvu Paris, huko mafundi Janinet na Descourtis wakazichapa upya kwa rangi, na kusema ukweli chapa zao ni safi sana, lakini Wolf mwenyewe hakufaidika nazo. Wagner akafa 1782. Wolf alishakuwa ameondoka Uswisi anazungukazunguka kule upande wa Rhine, Köln, Aachen, Spa, Mannheim, anachora chochote cha kumpa chakula. Oktoba 1783 akafia Heidelberg, maskini, ana miaka 48. Baada ya hapo jina lake likapotea, muda mrefu sana, mpaka karne ya ishirini ndipo watu wakaanza kuzitafuta zile kanvasi na kuzikusanya, na 1979 mtafiti Willi Raeber akatoa orodha kamili ya kazi zake. Sa hivi Muri kuna makumbusho yenye jina lake ndani ya majengo ya abasia. Mzee wangu alipelekwa kwa kiti cha magurudumu akarudi hajasema kitu mpaka usiku.

Sasa turudi kwenye barafu, manake najua mtasema hii inatuhusu nini.

Zile picha ambazo hazikuuzika ndizo zilizokuja kuwasaidia wanasayansi. Chuo Kikuu cha Bern kuna mtafiti anaitwa Heinz Zumbühl ambaye amekusanya michoro na picha za zamani za barafu za Grindelwald, amezipanga kwa miaka, na kutokana nazo wameweza kujua barafu ilifika wapi mwaka gani, ilishuka lini, ikarudi nyuma lini, mamia ya miaka kabla ya kuwepo kamera. Za Wolf ni kati ya wanazozitegemea. Kwanini? Kwasababu alirudi kulinganisha. Ukiona kwenye picha yake ulimi wa barafu umefika kwenye mwamba fulani, unaweza kwenda ukautafuta ule mwamba na utaukuta. Mchoraji aliyesogeza mlima kidogo ili picha ipendeze, na walikuwa wengi, hana msaada hapo hata kama anachora vizuri kumshinda.

Mimi nilienda kujaribu mwenyewe. Aarau kuna picha yake ya 1778 ya barafu ya Rhône, ameichora akiwa chini bondeni, pale panaitwa Gletsch. Barafu imeshuka kutoka juu kama maji ya kuporomoka yaliyoganda alafu ikafika bondeni ikajitandaza kama kipepeo cha ukindu, pana kabisa, inajaza bonde. Agosti nikachukua likizo siku mbili, nikapanda basi la posta mpaka Gletsch, nikashuka na hiyo picha nimeipiga kwenye simu. Nikatafuta pale alipokaa. Milima ya pembeni nikaipata, ule mwamba wa katikati nikaupata, kila kitu kipo. Barafu haipo. Hata kipande. Ni mawe, majani mafupi na mto mwembamba wa maji ya kijivu, ambao ndio huo Rhône unaoenda mpaka Ufaransa. Ili uione barafu inabidi upande tena na basi kona nyingi juu, na hapo penyewe imejificha nyuma ya ziwa, na sehemu yake wameifunika na mashuka meupe makubwa isiyeyuke wakati wa joto. Mashuka, Mhariri. Mimi kazi yangu ni kufunika wazee na mashuka. Nilisimama pale nikajikuta natoa machozi na mama mmoja mtalii akaniuliza kama nasikia kizunguzungu cha mwinuko.

Kwetu je? Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyesomea hapahapa Uswisi, Basel, mji uleule ambao Wolf aliishi zaidi ya miaka sabini kabla yake, aliuona weupe wa Kibo akitokea pwani. Mwongozaji wake aliuita huo weupe baridi, basi, neno letu la Kiswahili. Rebmann akaandika ni theluji, na mabwana wa jiografia London wakambishia miaka, wakisema theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Hakukuwa na picha ya kuwaonyesha. Na tangu 1912 barafu ile ilipopimwa, ikiwa karibu kilomita za mraba 12, zaidi ya asilimia 80 imeshaondoka. Kuna kambi juu ya njia ya Machame inaitwa Barafu, mgeni akifika pale ananiuliza iko wapi barafu yenyewe, nami nilikuwa namwonyesha kwa kidole juu kule, kwenye ile iliyopewa jina la Rebmann. Sijui wadogo zangu wanaobeba sa hivi wanaonyesha wapi.

Kwahiyo ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana. Moja ni kwamba mkiweka picha ya Kilimanjaro muandike mwaka na mahali mpigaji aliposimama, hiyo haigharimu kitu. Lakini kubwa zaidi, kila mwaka mtumeni mtu apande. Vijana wanaochora tunao, Moshi wapo, Dar wapo, Bagamoyo wanafundishwa pale chuoni, wengi wanauchora mlima kwa kukariri, twiga mbele Kibo nyuma, wanauza kwa wageni na siwalaumu, ni riziki kama Wolf alivyochora madhabahu. Mchukueni mmoja, mpeni koti zuri na mbebaji, akae sehemu moja ileile kila mwaka mwezi uleule, achore alichokiona, na mwaka unaofuata aibebe ile picha airudishe palepale ailinganishe. Mkiitoa gazetini mwandike na jina la mbebaji.

Na wa kuanzia nawapa mimi. Ninayo picha niliyopiga Januari 2004 kwa kamera ya mgeni mmoja aliyenitumia nakala baadaye. Nilisimama juu ya jiwe moja bapa, lina ufa katikati kama mkate uliokatwa ukaachwa, ukitoka kambi ya Barafu kuanza kupanda ni mkono wa kushoto kabla ya mwinuko wa kwanza, wagumu wa zamani wote wanalijua maana pale ndipo tulikuwa tunapumzisha mizigo. Nitaiskani niwatumie mkinijibu. Anayeenda asimame juu ya hilo jiwe, aelekeze uso Kibo, alafu achore kinachoonekana.

Msomaji wenu,
mzaliwa wa Machame, naishi Aargau, Uswisi